Utoto mgumu unapokufuata ukubwani: pa kuanzia kwa mtu wa Mwanza

Karibu kila Jumamosi kikao cha kikundi chetu cha waliopitia utoto mgumu kikiisha, watu wakiwa mlangoni wanatafuta viatu vyao, kuna mmoja anabaki nyuma. Anajifanya anasaidia kupanga viti. Kisha anauliza, na swali ni lilelile: "Mimi nimeshakua, nina watoto, aliyenitesa ameshakufa. Kwa nini bado naogopa?" Mwingine anauliza kama amerogwa. Mwingine anataka kujua kama akionekana kwenye kitengo cha afya ya akili jina lake litaharibika kazini. Nimeyajibu haya kwa mdomo mara nyingi mno, na ya mdomoni mengi yanapotea njiani kabla mtu hajafika stendi. Ndiyo maana nayaandika.

Mimi si daktari. Nimesomea unasihi, yaani ushauri nasaha, na kabla ya hapo nililelewa katika nyumba tatu tofauti, kati ya Igombe na Mabatini, baada ya kufiwa na wazazi. Nimekaa kwenye kiti cha anayelia na kwenye kiti cha anayesikiliza.

Mwongozo huu ni wako kama utotoni ulipigwa kupita kiasi, ulitelekezwa, ulifanyiwa ukatili wa kingono, ulishinda njaa, au ulikulia nyumba ya ulevi na ugomvi, na sasa ukubwani hulali, unashtuka ovyo, unawaka hasira isiyo na kipimo, unakunywa ili upate usingizi, au umekauka hata msibani huna chozi. Kama unayemwaza ni mtoto anayeteswa leo, acha kusoma kwanza. Piga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kabla ya yote, shika hili: usianze kwa kusimulia. Wengi wanaokuja kwetu walishajaribu. Siku moja walipata mtu mwenye huruma, wakamwaga kila kitu kwa mpigo mmoja, wakakesha siku tatu, wakaapa kutofungua mdomo tena. Kosa halikuwa kusema. Walianzia mwisho. Mpangilio ni huu: usalama, mwili, mtu, hospitali, ndipo kisa.

Kwa ufupi, kwa nini inatokea

Mtoto anayeishi na hatari hujifunza kwa mwili wake. Anatambua nyayo za baba kabla mlango haujafunguliwa. Analala nusu. Homoni za hatari, adrenalini na kotisoli, ambazo zinapaswa kupanda na kushuka, kwake zinapanda kila siku. Mwili ule ulimwokoa. Shida ni kwamba aliondoka kwenye nyumba ile, lakini mwili haukupata taarifa.

Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walianza kuchapisha matokeo ya utafiti ambao mwishoni ulifikia watu wazima zaidi ya 17,000 wa San Diego, watu wa kawaida wenye bima ya afya. Waliopitia aina 4 au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili. Nayataja kwa ajili ya yule anayepanga viti akiamini yuko peke yake. Kwenye daladala lililojaa kutoka Igoma hadi mjini, hayuko peke yake.

Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa, na wengi wetu tulichapwa kwa methali hiyo. Lakini anayebanika kambare huku ziwani anajua na upande wa pili: samaki aliyekunjwa akakauka, ukimvuta ili anyooke atakatika. Unamloweka.

Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na mahali pa kulificha. Simu si nzuri kwa kazi hii kama nyumbani kwako inashikwa na kila mtu.
- Dakika 20 kwa siku ambazo hakuna anayekuita. Kwa mama mwenye watoto watano hii ndiyo ngumu kuliko zote. Hata dakika 10 za alfajiri zinatosha.
- Nauli, na kadi ya bima kama unayo.
- Vipimo vya mwili. Upungufu wa damu, tezi ya shingoni, kisukari na hata VVU ambavyo hujavijua vinaweza kukuletea uchovu, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Pima, usije ukahangaika na mawazo wakati damu ndiyo pungufu.
- Ukweli kuhusu pombe. Andika unakunywa nini, kiasi gani, siku ngapi kwa wiki.

Onyo: kama unakunywa sana kila siku, gongo au bia, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na kifafa cha kuacha pombe vinaweza kuua. Hospitali wana dawa za kukushusha salama.

Hatua ya 1: Angalia hatari ya leo

Jiulize mambo matatu. Je, nina mawazo ya kujiua? Je, kuna mtu ananipiga au kunitishia sasa hivi? Je, kuna mtoto humu ndani ambaye mimi au mwingine tunamuumiza?

Kama jibu la kwanza ni ndiyo, na hasa kama umeshafikiria namna, hatua nyingine zote zinasubiri. Mwambie mtu leo. Dawa za pamba, sumu ya panya na vidonge vyote vilivyomo ndani vimpe mtu akutunzie nyumbani kwake. Kisha nenda idara ya dharura ya hospitali, Sekou Toure au Bugando, hata iwe usiku wa manane, na usiende peke yako. Kuwa na mawazo hayo na kumweleza daktari si kosa la mtu yeyote.

Kama jibu la pili au la tatu ni ndiyo, tafuta afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yako. Huwezi kutibu kidonda cha zamani huku kipya kinachimbwa juu yake.

Hatua ya 2: Hesabu, usisimulie

Fungua daftari. Ile orodha ya watafiti wa San Diego ina mambo 10, yote ya kabla ya miaka 18: kutukanwa na kudhalilishwa, kupigwa, kufanyiwa ukatili wa kingono, kukosa wa kukupenda, kukosa chakula na matunzo, wazazi kutengana, mama kupigwa, mlevi au mtumia dawa za kulevya nyumbani, mgonjwa wa akili au aliyejaribu kujiua nyumbani, na mtu wa nyumbani kufungwa jela. Weka alama tu. Tiki. Usiandike nani, wala lini, wala ilikuwaje.

Orodha hiyo ilitengenezwa kwa watu wa kule na haitoshi kwetu. Shirika la Afya Duniani baadaye lilitengeneza maswali mapana zaidi, yenye kuonewa na wenzako, vurugu za mtaani na vita. Mimi huwaambia watu waongeze ya kwetu: kulelewa kwa ndugu kama mfanyakazi wa ndani wakati watoto wa nyumba wanaenda shule, kuolewa mapema, kuishi mtaani mjini, kumuuguza mzazi hadi anafia mikononi mwako, viboko vya shule vilivyokuacha na alama. Na kufiwa kwa ghafla. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, kuna watoto wa mji huu na wa Bukoba waliolala wana mama na kuamka hawana, na wengi hakuna aliyekaa nao chini akawaeleza.

Kosa la kawaida: kuchukua idadi ya tiki kama hukumu. Mwenye tiki 7 anaweza kuwa na maisha yaliyotulia kuliko mwenye 2, hasa kama alikuwa na bibi mmoja, au mwalimu mmoja, aliyemwona. Kwa hiyo chini ya orodha andika jina la kila mtu aliyekutendea wema ukiwa mtoto. Sehemu hii watu huiruka. Usiiruke. Dada mmoja aliandika "mama lishe wa Kirumba" bila jina lingine, kwa sababu hakuwahi kulijua. Alikuwa akimpa ukoko wa wali kila jioni.

Hatua ya 3: Fuatilia wiki mbili

Kila jioni andika mistari mitano: saa ngapi nilishtuka au nilikasirika au nilikauka, nilikuwa wapi, nasikia au kunusa nini, mwili ulifanya nini, nikafanya nini baada ya hapo.

Baada ya wiki mbili vichocheo vinaanza kuonekana, na mara nyingi ni vidogo kuliko ulivyotarajia. Mlio wa mkanda ukivuliwa. Harufu ya mafuta ya taa. Mtu kusimama nyuma yako. Mvua kubwa juu ya bati, kwa sababu siku za mvua majirani hawakusikia.

Tarehe nazo ni vichocheo. Kuna kaka kikundini ambaye kila Mei alikuwa anapata kifua kubana na anakosana na mkewe. Alipima moyo mara mbili, mzima. Daftari ndilo lililomfungua macho: Mei ni mwezi aliopoteza wazazi majini. Alikuwa na miaka 6.

Hatua ya 4: Tuliza mwili

Hapa ndipo nawaomba mkae muda mrefu, wiki nne au zaidi, ingawa kila mtu anataka kuharakisha. Mwili usiojua kutulia ukikutana na kumbukumbu utazama.

*Miguu na macho.* Bandika nyayo zote mbili chini. Taja vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, sauti 3, harufu 2, ladha 1. Anayeuza samaki anaweza kufanya hivi pale pale mezani bila mtu kujua: beseni la bluu, mizani, kiganja kilicholowa, honi ya bodaboda, harufu ya dagaa.

*Pumzi.* Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6. Mara 10. Kutoa ndiko kunakotuliza, kwa hiyo kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wapo ambao wakifumba macho na kufuata pumzi hofu inazidi, hasa waliowahi kuzibwa mdomo. Kama ni wewe, acha pumzi, fumbua macho, rudi kwenye miguu.

*Tarehe kwa sauti.* Ukishtuka usiku, keti, washa taa, sema: "Leo ni Jumanne. Niko Buhongwa. Nina miaka 38. Ufunguo wa mlango huu ninao mimi." Ilinichukua muda kuamini sentensi hiyo ya mwisho. Nilikuwa naisema huku nimeushika ufunguo.

*Usingizi na mwendo.* Lala na uamke saa zilezile, simu ikae nje ya chandarua. Tembea nusu saa kwa siku. Vilima vya Mwanza vitakufanyisha kazi bila kulipia jimu. Ukihitaji maji ya baridi usoni, tumia ya bomba. Ya ziwani yana kichocho.

Kosa la kawaida: kusubiri hofu ije ndipo ujaribu. Fanya ukiwa mtulivu, asubuhi na jioni, ili siku ya shida mwili uwe umeshajua njia.

Hatua ya 5: Chagua mtu mmoja

Mmoja anatosha. Awe anayetunza siri, asiyelazimika kuchagua upande, na asiyekimbilia kutoa suluhisho. Mara nyingi si mume wala mke, angalau mwanzoni, hasa kama kwenye ugomvi maneno yako hurudishwa kama jiwe. Asiwe mtoto wako, hata kama ni mkubwa. Na nawasihi ndugu zangu waumini: usianzie kwenye ushuhuda mbele ya kanisa zima, wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ukishasema mbele ya watu 200 huwezi kuchagua nani asikie.

Usimpe kisa. Mpe kazi. Sema hivi, au karibu na hivi: "Shangazi, shikamoo. Kuna mambo ya utotoni yananisumbua, nimeanza kuyashughulikia. Leo siwezi kuyaeleza, na naomba usiniulize. Nakuomba kitu kimoja: nikikupigia usiku, pokea, tuongee habari za kawaida mpaka nitulie." Watu wengi hushangaa jinsi ombi hili lilivyo rahisi kukubaliwa. Aliyepewa kazi ndogo anaiweza. Aliyemwagiwa kila kitu ndiye anayeanza kukukwepa.

Hatua ya 6: Nenda hospitali

Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bugando, pale juu mlimani, ni ya kanda. Mapokezi huna haja ya kueleza maisha yako. Sema, "Nahitaji kumwona daktari wa afya ya akili." Anayekuona umekaa kwenye benchi lile naye yuko kwenye benchi lile.

Kwa daktari, andaa sentensi tatu na uzisome kwenye daftari kama sauti inakwama: "Kwa miezi sita silali, nashtuka, na nimepoteza hamu ya kazi. Utotoni nilifanyiwa ukatili, sitaki kueleza leo. Mawazo ya kufa huja, lakini sina mpango." Sentensi ya pili ni muhimu kuliko unavyodhani. Bila hiyo unaweza kutibiwa vidonda vya tumbo mwaka mzima.

Huenda ukaambiwa una sonona, au wasiwasi uliozidi, au ugonjwa unaotokana na kiwewe, yaani jeraha la akili. Huenda ukapewa dawa, mara nyingi floksetini au amitriptilini. Haya ndiyo ninayoulizwa kila mara kuhusu dawa hizo:

Hazifanyi kazi siku ya kwanza. Hesabu wiki 2 hadi 6. Kinywa kukauka, kichefuchefu au usingizi hutangulia, na wengi huacha hapo hapo, wiki moja kabla ya nafuu. Si dawa za kulevya na hazikufanyi zezeta. Ukijihisi hivyo dozi inahitaji kuangaliwa, rudi. Usiache ghafla ukijisikia vizuri. Usimgawie dada yako. Ziweke mbali na watoto, hasa amitriptilini, ambayo ikizidi huharibu mapigo ya moyo.

Onyo: usijinunulie diazepamu dukani ili ulale. Mwili huizoea ndani ya wiki chache, na kiwewe haikitibu. Nimeona watu waliokuja na tatizo moja wakaondoka na mawili.

Omba pia tiba ya mazungumzo, na ukipewa mshauri asiye daktari usimdharau. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye mabenchi na watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Moshi hapa kwetu, na Bungoma ya Kenya, washauri wasiokuwa wataalamu wa saikolojia walifundishwa kuwasaidia watoto yatima wenye kiwewe. Katika utafiti wa 2020 watoto 640 walishiriki. Kinachotibu ni mbinu sahihi na mtu anayekuja kila wiki.

Hatua ya 7: Sasa kisa, kwa vipande

Fanya hivi ukiwa na mshauri, baada ya mwili kujua kutulia. Anza na kipande cha katikati, kinachouma lakini kinachobebeka. Usiku ule mbaya kuliko yote utafikiwa baadaye, au hautafikiwa, na bado unaweza kupona. Hakuna sheria inayosema lazima kila kitu kisemwe.

Nyumbani unaweza kuandika dakika 15 hadi 20, saa imewekwa mbele yako, siku tatu au nne mfululizo, kisha upumzike. Saa ikigonga acha, hata katikati ya sentensi. Nawa uso, kunywa chai, toka nje uone watu. Kama baada ya kuandika unatetemeka muda mrefu, au unajikuta hujui nusu saa iliyopita imekwenda wapi, rudi hatua ya 4 na usiandike tena mpaka umemwona mshauri.

Hatua ya 8: Wazazi, na watoto wako

"Lazima nimsamehe?" Hapana. Msamaha si hatua katika mwongozo huu. Ukija wenyewe, karibu. Ukilazimishwa kwenye kikao cha ukoo huku umeinamisha kichwa, hilo ni zoezi lingine la kunyamaza, na wewe unyamazaji umeshahitimu. Vilevile si lazima umkabili mzee. Ukitaka kumkabili, jiulize kwanza: akikana mbele ya wote, nitaweza kulala? Kama hapana, muda bado.

Watoto ndio wanaonigusa zaidi, maana swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kabisa: "Nitawafanyia niliyofanyiwa?" Wengi waliopigwa hawawi wapigaji. Lakini mwili uliofundishwa kiboko hukimbilia kiboko ukichoka, na siku moja utateleza. Siku hiyo kuna kitu ambacho wazazi wetu hawakuwahi kutufanyia, na kinawezekana kabla jua halijazama. Kaa chini mpaka macho yenu yalingane, useme: "Mwanangu, nilikupiga kwa hasira. Kosa ni langu, si lako. Nisamehe. Ninajifunza." Usimalizie na "lakini na wewe." Baba mmoja mvuvi aliniambia ilikuwa ngumu kuliko kuvuta nyavu kwenye upepo. Mtoto alimtazama tu, akaenda kucheza. Baada ya siku mbili akaja mwenyewe kukaa karibu yake.

Ukikwama

*Nimeanza na sasa ndoto ni mbaya zaidi.* Hutokea wiki za mwanzo. Punguza: acha kuandika, baki na hatua ya 4 kwa siku saba. Kama haipungui, au mawazo ya kufa yameongezeka, rudi hospitali kabla ya tarehe ya miadi.

*Sikumbuki utoto wangu.* Usichimbe, na usikubali mtu akuambie kilichotokea, awe mganga au mtumishi wa dini. Fanya kazi na dalili za leo. Zinatosha.

*Nyumbani wanasema nimerogwa.* Usibishane, utachoka bure. Waambie, "Sawa, ila na hospitali naenda." Kataa tu kinachoumiza: kuchanjwa kwa wembe uliotumika, kufungwa kamba, kulazimishwa kufunga kula hadi udhoofike, kuambiwa uache dawa.

*Daktari alinisikiliza dakika tano.* Foleni ni ndefu na wao ni wachache. Inauma, najua, kwa mtu aliyesubiri miaka 30 kusikilizwa. Rudi mara ya pili na sentensi tatu zilizoandikwa, na uliza moja kwa moja siku za ushauri nasaha. Kama aliyekuhudumia alikudharau, omba mwingine. Una haki hiyo.

*Sihisi chochote, hata furaha.* Ganzi ni ulinzi, na huondoka taratibu. Anza na vitu vya ngozi: maji ya moto, kitambaa laini, jua la asubuhi. Usijilazimishe kulia.

*Nimerudia pombe.* Andika kilichotangulia, rudi kesho yake. Mwambie mshauri kiasi halisi.

*Mimi ni mvuvi, niko visiwani, miadi naikosa.* Huku wewe si wa kwanza. Panga na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa na kambi inapumzika, kwa hiyo siku hizo ndizo za kuvuka kuja Mwanza au kwenda hospitali ya Nansio. Mwambie daktari hivyo waziwazi, ahesabu dawa zitakazokutosha kutoka mbalamwezi hii hadi nyingine. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mwombe mwenzako mmoja wa kambini akukumbushe saa ya kumeza, na namba ya yule mtu wako wa hatua ya 5 iandike kwenye karatasi pia, kwa sababu katikati ya ziwa simu huzima chaji.